Nani Apotee Ili Picha Ifunguke?

Kamera nyingi zinazotumika kwenye vyumba vya habari siku hizi hutoa picha yenye nukta 6,000 kwa upana na 4,000 kwa kimo. Zidisha, utapata nukta milioni 24. Faili lake likitoka kwenye kamera huwa na megabaiti nane, kumi, wakati mwingine zaidi. Picha hiyohiyo ikienda kwenye tovuti inatakiwa iwe na upana wa nukta 1,200 hivi, kimo 800, na uzito usiozidi kilobaiti 200. Piga hesabu. Zimebaki nukta 960,000. Katika kila nukta 100 zilizopigwa, nne zimemfikia msomaji na 96 zimeachwa njiani. Na hapo bado hatujaibana, tumepunguza vipimo tu.

Hiyo ni kazi ninayoifanya karibu kila siku. Mwandishi wa habari wa zama hizi mara nyingi yeye ndiye mpiga picha, ndiye mhariri wa picha, na ndiye anayepandisha habari kwenye tovuti. Unarudi kutoka kazini, unafungua programu, unapunguza, unabana, unakata, unapandisha. Ukishazoea ni dakika mbili tu. Wenzangu wengi wanaiona kama kumenya viazi: kazi ya mikono, akili iko kwingine. Mimi imenikaa kichwani kwa namna nyingine. Kila ninapoburuza kile kitufe cha ubora kutoka 100 kwenda 70, naamua kipi kibaki na kipi kipotee kwenye sura ya mtu ambaye hayupo hapo kuniambia lolote. Kwa haki gani?

Nianze kwa kuitetea kazi yenyewe, maana kuna watu wakisikia neno "kupunguza" wanadhani tayari tumeshakosea.

Chukua habari yenye picha sita, kila moja megabaiti 10. Jumla 60. Msomaji aliyeko mahali ambapo mtandao unampa megabiti moja kwa sekunde atasubiri dakika nane picha zote zifunguke. Hatasubiri. Ataona kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, ataachana nayo. Na hata akifunga ukurasa, sehemu ya bando lake imeshaliwa. Sasa zipunguze picha zilezile ziwe kilobaiti 150 kila moja: jumla haifiki megabaiti moja, na kwa mtandao uleule zitafunguka kwa sekunde saba hivi. Huyu ni msomaji aliyenunua bando la siku kwa hela ya kuungaunga. Kumtwisha megabaiti 60 kwa sababu sisi tunapenda picha iwe "kali" ni kumfungia mlango halafu kumlaumu kwamba haingii. Wanaotetea ubora kwa gharama yoyote mara nyingi wamekaa ofisini, kwenye intaneti ya waya inayolipiwa na mwingine.

Kwa hiyo kupunguza ni wajibu. Mwaka 2009 msanii na mwandishi wa Ujerumani, Hito Steyerl, aliandika insha ya kuitetea picha duni, ile iliyonakiliwa na kubanwa mpaka ikafifia. Hoja yake moja inanikaa sana: ufifi wa picha ile ndiyo nauli iliyolipwa ili ifike mbali, kwa watu ambao picha safi isingewafikia kamwe. Sisi tuliokulia kwenye kanda za video zilizorekodiwa juu ya kanda nyingine tunalielewa hilo bila kufundishwa. Tulitazama filamu nzima wahusika wakiwa na mistari usoni, na tulilia palepale pa kulia.

Lakini nauli inalipwa na nani? Msomaji anapata picha nyepesi. Mwenye tovuti anapata msomaji. Kinachotolewa ni sehemu ya picha, na picha ina mtu ndani.

Tuliosoma Kiswahili sekondari tunakumbuka swali la ufupisho. Unapewa habari ndefu, unaambiwa ifupishe kwa maneno 60 au 80 bila kupoteza wazo kuu. Lilikuwa swali gumu kuliko lilivyoonekana. Ukiacha mifano, habari inakuwa mifupa. Ukiacha hoja, unabaki na hadithi isiyo na kichwa. Mwalimu hakuhesabu maneno tu, aliangalia ulichokiacha. Mwanafunzi aliyepata maksi zote alikuwa ameelewa kwamba kufupisha ni kuhukumu, kwamba kila neno lililoondoka limeondolewa na mtu mwenye sababu.

Washairi wetu wameenda mbali zaidi. Wana majina ya namna za kulichezea neno ili litoshe kwenye mizani. Kulifupisha ni inkisari: "aliyekuja" inakuwa "alokuja". Kulirefusha ni mazida: "afya" inakuwa "afiya". Kulibadilisha sauti bila kuongeza wala kupunguza mizani ni tabdila. Yote matatu yanaruhusiwa kwa jina la uhuru wa mshairi, na yote matatu yana mpaka: msikilizaji lazima bado alitambue neno. Ukilikata mpaka halitambuliki, hujafanya inkisari, umeharibu. Nimeona kwamba istilahi hizi tatu za bibi na babu zetu wa ushairi zinaeleza maadili ya picha za tovuti vizuri kuliko mwongozo wowote wa kompyuta niliowahi kusoma. Nitazifuata moja baada ya nyingine.

Inkisari kwanza. Mfumo wa JPEG, ambao ulipitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992 na ambao mpaka leo unabeba picha nyingi za mtandaoni, unafanya kazi kwa kuigawa picha katika viraka vidogo vya nukta nane kwa nane. Mshairi wa mizani nane kwa nane atatabasamu hapo, ingawa ni bahati tu. Kila kiraka kinageuzwa kuwa orodha ya mawimbi, kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha Kansas, pamoja na wenzake wawili. Miaka miwili kabla aliomba fedha za kuifanyia utafiti akanyimwa, aliifanya hivyohivyo. Hesabu hiyo inatenganisha mabadiliko makubwa na mabadiliko madogo ndani ya kiraka. Makubwa yanahifadhiwa. Madogo, ukiburuza kitufe kushuka, yanafanywa sifuri, yanafutika. Tena jicho la binadamu hutofautisha mwanga na kivuli vizuri kuliko linavyotofautisha rangi na rangi, kwa hiyo mfumo unaruhusiwa kutupa robo tatu ya vipimo vya rangi na wengi wasigundue.

Ni kazi nzuri sana ya akili. Kanuni yake inasemeka kwa sentensi moja: tupa kile ambacho jicho halitakikosa. Shida yangu iko kwenye neno "jicho". Jicho la nani?

Swali hilo lina historia. Kuanzia miaka ya 1950, Kodak iligawa kwenye maabara za kusafishia picha kadi za kupimia rangi. Kwenye kadi alikuwa amekaa mwanamke mzungu, na kadi zikaitwa Shirley, jina la mmoja wa wanamitindo wa mwanzo. Fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley ionekane sawa, basi ikahesabika picha zote ziko sawa. Waliokuwa weusi kwenye picha ya pamoja walitoka macho na meno. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, alipoichunguza historia hiyo aliambiwa na watu waliokuwa Kodak kwamba msukumo wa kuboresha rangi za kahawia ulitoka zaidi kwa watengenezaji wa fanicha na wa chokoleti, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri. Meza ilisikilizwa kabla ya mtu.

Ulipofika wakati wa kompyuta, wahandisi walihitaji picha ya kujaribia hesabu zao. Mwaka 1973, katika chuo kikuu kimoja cha California, waliskani uso na bega la mwanamitindo wa Sweden, Lena Forsén, kutoka kwenye jarida la Playboy la Novemba 1972. Picha ile ya nukta 512 kwa 512 ikawa kipimo cha utafiti wa kubana picha kwa miongo kadhaa. Lena alikuwa amekubali kupigwa picha ya jarida. Hakuna aliyemuuliza kama anakubali kuwa rula ya dunia nzima. Ilichukua mpaka Aprili 2024 kwa jumuiya ya kompyuta ya IEEE, moja ya taasisi kubwa kabisa za fani hiyo, kuacha kupokea makala zinazotumia picha yake.

Sisemi kwamba JPEG imebuniwa kuwadhulumu watu weusi. Hesabu haimjui mtu. Nasema kitu chepesi zaidi, ambacho yeyote anaweza kukijaribu leo jioni. Piga picha ya mama yako jikoni, mwanga ukitoka dirisha moja. Tofauti kati ya shavu lake na kivuli cha shavu lake ni ndogo kwa hesabu, maana vyote viwili viko upande wa giza. Ni mabadiliko madogo ndani ya kiraka. Ukishusha ubora mpaka 40, hayo ndiyo ya kwanza kufutika. Sufuria inayong'aa inabaki na makali yake. Dirisha linabaki. Shavu la mama linakuwa bapa, kama limepakwa masizi kwa kitambaa. Programu itakuambia picha iko vizuri, kwa sababu sehemu kubwa ya picha kweli iko vizuri.

Ndiyo maana naona namba ya jumla, ile "weka 60 kwa picha zote" inayosambazwa kama dawa ya mafua, si jibu. Inkisari halali haipimwi kwa sufuria. Angalia uso wa mtu, tena yule aliyeko gizani zaidi. Kama yeye anatambulika, na mistari ya umri wake ipo, picha imetosha. Kama hayupo, panda hadi 75 ulipe kilobaiti 40 zaidi. Msomaji wa bando la siku hatafilisika kwa kilobaiti 40. Na wengi wao, ukiwauliza, wangependa kumwona.

Kukata ni inkisari ya aina nyingine, na kuna methali yake kabisa: mwamba ngozi huvutia kwake. Ngoma ikiwambwa na mtu mmoja, ngozi inaelekea upande wake.

Januari 2020, vijana watano wanaharakati wa mazingira walipiga picha pamoja kule Davos, Uswisi. Mmoja alikuwa Vanessa Nakate wa Uganda, na alikuwa amesimama pembeni. Shirika la habari la AP liliichapisha picha ikiwa imekatwa: wamebaki wanne, wote wazungu. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa ya kiufundi. Nyuma ya Nakate kulikuwa na jengo, na mpiga picha aliyekuwa akiwahi muda aliona linavuruga mpangilio. Nakate alijibu kwamba waliofutwa hapo si yeye peke yake, ni bara zima. AP waliomba radhi.

Mimi nayaamini yale maelezo ya jengo. Ndiyo yanayonitisha. Mtu mwenye chuki unaweza kumwona anakuja. Lakini huyu alikuwa mtu wa kazi, ana dakika chache, jicho lake limezoezwa kupenda picha isiyo na vurugu, na vurugu ikatokea kuwa nyuma ya Mwafrika pekee. Hakuna aliyeamua Uganda iondoke. Iliondoka tu.

Baadaye mwaka huohuo watumiaji wa Twitter waligundua kwamba programu iliyokuwa ikikata picha zenyewe kwa ajili ya vioo vidogo vya simu ilikuwa ikipendelea nyuso nyeupe. Watu waliweka Barack Obama juu na seneta Mitch McConnell chini, au kinyume chake, katika picha ndefu. Programu ikamwonyesha McConnell. Kampuni ilifanya uchunguzi wake, na mwaka 2021 ikakiri upo upendeleo, wa nyeupe dhidi ya nyeusi na wa wanawake dhidi ya wanaume, ikaachana na ukataji ule kwenye simu. Walifikia uamuzi ninaouheshimu: kwamba kukata picha ya mtu ni jambo analopaswa kuliamua mtu.

Lakini mifumo midogo inayokata yenyewe imejaa kila mahali. Tovuti moja niliyowahi kuifanyia kazi ilikuwa na kiolezo kinachogeuza kila picha kuwa mraba kwenye ukurasa wa mbele. Picha ya 1,200 kwa 800 ikigeuzwa mraba inabaki 800 kwa 800: theluthi ya upana imekwenda, nusu yake kushoto na nusu kulia. Niliandika habari ya wakulima wa mwani wa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kilimo hicho kiliingia mwishoni mwa miaka ya 1980 na wengi wanaokifanya ni wanawake. Siku hiyo walikuwa na wageni watatu kutoka mjini. Wageni, kama ilivyo ada, walisimamishwa katikati. Wanawake tisa walijipanga huku na huku, maji magotini. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa mwisho kabisa kulia, kwa sababu yeye ndiye alishika ncha ya kamba ya mwani.

Habari ikatoka. Mwenyekiti akaletewa na mjukuu wake kwenye simu. Akanipigia.

"Mwanangu, nimeiona. Lakini mbona mie simo?"

Nilipofungua ukurasa wa mbele niliwaona wageni watatu wamenawiri, wanawake watano, bega la mwanamke mmoja, na kamba inayoingia kwenye picha ikitoka mahali pasipo na mtu. Kichwa cha habari kilikuwa kimenukuu maneno yake. Nikamuuliza mwenzangu wa upande wa mitambo.

"Dada, mfumo ndo unakata wenyewe," aliniambia. "Hakuna mtu aliyemkata."

Ilimchukua chini ya dakika moja kuhamisha kitovu cha picha kuelekea kulia. Mgeni mmoja akakatika sikio, mama akaingia, na hakuna aliyepiga simu kudai sikio.

Nimelifikiria sana lile jibu, "hakuna mtu aliyemkata". Ni kweli na ni uongo kwa wakati mmoja. Mtu aliyebuni kiolezo aliamua kwamba katikati ndiko kwenye maana. Nani kwa kawaida husimama katikati? Mkuu wa wilaya, mfadhili, bwana harusi, mgeni. Ukiandika kanuni inayosema "linda katikati", umeandika kanuni inayosema "linda wakubwa", hata kama ulikuwa unawaza nukta tu.

Hapa kuna pingamizi zito, na sitaki kulikwepa. Mtu ataniambia: hata picha nzima ni kipande. Mpiga picha aliposimama Paje alichagua pa kusimama, akaacha bahari yote ya nyuma yake, akabonyeza sekunde moja akaacha nyingine zote. Kama kukata ni dhambi, basi kamera yenyewe ni dhambi. Kwa nini umwonee anayepunguza mwishoni?

Jibu langu ni kwamba tofauti iko kwenye kuonekana. Aliyepigwa picha alimwona mpiga picha. Alijua kuna jicho linamtazama, akajiweka sawa, akavuta kanga, akachagua kushika kamba. Angeweza kusema hapana. Yapo makubaliano pale, hata yawe madogo na ya haraka. Mimi ninayepunguza baadaye, mbele ya kompyuta, sionekani. Nayavunja au nayatimiza makubaliano ambayo mwenzangu aliyafunga kwa macho, na aliyepigwa hatajua mpaka mjukuu amletee simu. Kazi inayofanywa mahali ambapo anayeguswa hawezi kukuona inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hakuna uso wa kukuzuia. Karani anayefupisha maelezo ya shahidi yuko hivyohivyo. Mkalimani pia. Na mhariri wa hadithi ya mtu aliyefariki.

Nije kwenye tabdila na mazida, maana huko ndiko tunakoelekea.

Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha kwamba mashine fulani za Xerox za kuskani zilikuwa zinabadilisha tarakimu. Ramani ya nyumba ilikuwa na vyumba vitatu: mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42. Nakala ilitoka na vyumba vyote vitatu vikiwa 14.13. Sababu ilikuwa kubana. Ili kupunguza uzito wa faili, mashine ilitafuta vipande vinavyofanana, ikahifadhi kimoja, ikakibandika kila mahali ilipoona kinafaa. Kampuni ikalazimika kutoa marekebisho. Kinachotisha ni kwamba nakala ile haikuwa na ukungu. Ilikuwa safi. Picha ya JPEG iliyobanwa kupita kiasi inakuonyesha aibu yake: viraka, ukungu, kingo zinazomeremeta. Unaiangalia unasema hii imepoteza kitu. Nakala ya Xerox ilipoteza kitu ikavaa nguo safi juu yake. Hiyo ndiyo tabdila bila idhini ya mshairi.

Mazida nayo tumeipata. Zipo programu zinazochukua picha ndogo iliyofifia na kuirudisha kuwa kubwa, na watu wanazitumia kufufua picha za zamani za wazazi wao. Mwaka 2020 programu moja iliyotoka Chuo Kikuu cha Duke ilipewa picha ya Obama iliyofifishwa mpaka vikawa viboksi tu. Ikarudisha uso ulio safi kabisa, wa mzungu. Programu haikukosea hesabu. Nukta zilizokuwa zimepotea hazipo tena popote ndani ya faili, kwa hiyo ilibidi ibuni, na ilibuni kutokana na nyuso ilizokuwa imelishwa. Mshairi akiongeza silabi kwenye "afya", afya bado ni afya. Programu ikiongeza shavu, hilo ni shavu la nani?

Kutokana na hayo nimefikia mambo matatu ninayoyashika, na sidai ni sheria.

La kwanza, hasara iwe ya kweli. Picha iliyofifia ikae imefifia, tusiivishe ukali isiokuwa nao, hasa ikiwa ni ushahidi au ni mtu. La pili, picha nzima ihifadhiwe mahali. Kilobaiti 150 ziende kwa msomaji, milioni 24 za nukta zibaki kwenye diski, na ziwe na majina ya waliomo. Atakayeuliza miaka 30 ijayo nani alishika kamba apate jibu. JPEG ikishafuta haikumbuki, na kila ukiifungua, ukaibadilisha na kuihifadhi upya, inafuta tena kidogo. La tatu, kabla ya kupandisha, mtafute aliyeko pembeni au aliyeko gizani, umpe sekunde kumi za macho yako.

Kuna kitu kimoja zaidi kinachopotea bila kuonekana. Ndani ya faili la picha kuna maelezo yaliyofichika: saa, aina ya kamera, jina la mpiga picha akiwa ameliweka, na mara nyingi, kwa picha za simu, mahali penyewe. Desemba 2012 jarida la Vice lilipandisha picha ya John McAfee, aliyekuwa akijificha, bila kuyaondoa maelezo hayo; dunia ikajua yuko Guatemala. Kwa mwanamke aliyekimbia ukatili nyumbani, au shahidi anayeogopa, kuyafuta ni kumlinda. Lakini programu nyingi za kubana zinafuta yote kwa mkupuo, na jina la mpiga picha linakwenda na maji. Ufute mahali, ubakize jina. Programu nyingi zinaruhusu, ila mtu lazima achague.

Na mwisho wa kupunguza kote ni sentensi. Kila picha ya tovuti ina nafasi ya maandishi mbadala, yale yanayosomwa kwa sauti na simu ya msomaji asiyeona, na yanayotokea picha ikigoma kufunguka. Megabaiti 10 zinageuka maneno 15. Hakuna ubanaji mkubwa kuliko huo, na hakuna programu inayopaswa kutufanyia, kwa sababu sisi ndio watu wa maneno. Wengi wetu tunaacha nafasi hiyo wazi, au tunaandika "picha ya wageni". Msomaji asiyeona, kwenye habari ya Paje, alistahili hii: "Wanawake tisa wakulima wa mwani wakiwa baharini na wageni watatu, mwenyekiti wao, kulia, ameshika ncha ya kamba." Ni herufi 110 hivi, ukihesabu na nafasi. Uzito wake haufiki hata kilobaiti moja, na hakuna aliyekatwa.